Watu wa Nyumbani

Siku yangu ya kwanza ya ukarani, miaka ya hamsini, nilivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe. Karani Mkuu alinipa daftari la nyumba za mtaa wa Langoni, akasema, "Andika usikiacho. Usiongeze, usipunguze."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Bwana akija unamuuliza mipaka ya nyumba, kisha mwenyewe ni nani. Nyinyi vijana mnadhani wanawake wa zamani hawakuwa na kitu. La! Kwetu baba aliyejiweza alimpa binti yake nyumba siku ya kuolewa, na mume ndiye aliyehamia. Shida ilikuwa adabu. Mume akiulizwa mwenye nyumba alijibu, "Ni ya watu wa nyumbani," yaani mkewe. Nami kumuuliza jina la mkewe mbele ya wanaume wenziwe, afadhali ningemeza kidau cha wino. Nikaandika jina la mume, nikajiona muungwana kweli kweli.

Mmoja wa mabwana hao akafariki. Nduguze wakaomba daftari langu liletwe mbele ya Kadhi, wakidai nyumba igawanywe urithi. Mjane, Bi Rukia, alisimama mlangoni ndani ya buibui lake. Karani Mkuu akaninong'oneza, "Ukikiri kosa, kazi huna."

Kadhi akaniuliza, "Marehemu alikwambia nini, neno kwa neno?"

"Alisema ni ya watu wa nyumbani."

Kaka wa marehemu akacheka. "Watu wa nyumbani si sisi?"

"Nalielewa ni mkewe," nikasema. "Naliona haya kumuuliza ina lake."

Bi Rukia hakungoja zamu yake. "Haya yako itanitoa kwenye nyumba niliyopawa na babangu! Ina langu ni Rukia binti Omari. Andika yeo, si kesho, na wote wasikie!"

Kadhi aliamuru jina libadilishwe. Kazi sikuipoteza, ila nilihamishiwa kisiwa cha Pate. Huko kila mume nilimuuliza jina la mkewe, na mmoja alinirushia ndara.

Sasa nimestaafu, na vijana hunisifu kwa siku ile. Nawashukuru, lakini roho hainitulii. Kabla ya Bi Rukia nilikwishajaza kurasa nyingi kwa adabu ile ile. Wajane wengine hawakufika kwa Kadhi. Nyumba zao nilizijua, nilizipita kila siku, na sikupiga hodi hata moja.