Taya la Mama Kaltum

Yule fundi wa picha za eksirei za meno wa Buyenzi, kidole chake chepesi hata kingempitia mbu usingizini asiamke. Kila picha huiinua dirishani na kuisoma kwa sauti, mkono wa pili ukipapasa taya lake mwenyewe: "Huu mfereji wa mshipa wa fahamu. Haka katundu unakotokea."

Leo alisoma ya Mama Kaltum, msomaji wa maulidi, aliyevimba shavu la kushoto. Kidole kilifuata mfereji mpaka pale mfupa ulipoliwa na ugonjwa, kikasimama.

"We mwana, mbona kimya? Taya limekukimbia?" Mama akacheka.

"Apana, mama."

Akahamia upande wa kulia, ulio mzima, akamsomea polepole, jino kwa jino. Alipomaliza, akausoma tena.