Jezi Arobaini na Sita, Jina Moja

Nililia mbele ya mafundi cherehani thelathini, na sioni aibu kusema.

Mezani kulikuwa na jezi arobaini na sita. Zote namba saba. Zote mgongoni zimeandikwa jina langu: ELIAKIMU.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, usije ukasema nimevuta kitu.

Mwaka 1998 nilikuwa kocha mkuu wa mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mkononi na kugongana mabega, kwenye chuo kidogo huko Marekani. Ndiyo, mimi, mtoto wa Bukoba. Nilikwenda kusoma, wakaniona napiga mpira kwa mguu, wakanivalisha kofia ngumu. Nikacheza miaka minne, nikawa kocha msaidizi miaka sita, mwisho wakanikabidhi timu ambayo kushinda ilisikia kwa jirani.

Msimu wangu wa kwanza tulishinda mechi moja kati ya kumi. Mkuu wa chuo akaniita.

"Nakupa msimu mmoja tu. Na jezi mpya usahau. Siwezi kuvalisha watu wanaofungwa."

"Sawa," nikamjibu. "Nitawavalisha mwenyewe."

Dada yangu Anastazia alikuwa Guangzhou, China, akinunua nguo kwenye soko la jumla la Shisanhang kwa ajili ya duka lake la Mwanza. Mwishoni mwa Julai nikamfuata. Akanipeleka Kangle, mtaa wa mafundi nguo, kwenye karakana ya Bwana Liang, ambaye wafanyabiashara wote walimwita Laoban, yaani bosi.

Liang akataka sampuli. Nikampa jezi yangu ya enzi za kucheza, kwa sababu ilikuwa na upana wa kuvalia pedi za mabega. Pembeni nikamwachia karatasi yenye majina na namba za vijana wangu wote.

Kosa langu hilo.

Kangle sampuli ndiyo sheria. Ukipeleka shati lenye kiraka, utaletewa viraka mia. Karatasi yangu hakuna aliyeigusa.

Siku ya kuchukua mzigo, Liang alikuwa anachekelea.

"Yiyang!" akasema. Sawasawa na sampuli.

"Laoban, rudia zote."

"Mei banfa." Hakuna namna. Akanionyesha mabaki sakafuni. Kitambaa kikishakatwa hakirudi dukani.

Wakati tunabishana, Anastazia akaingia anahema, ana faksi mkononi. Imetoka chuoni. Kamati itakaa Ijumaa kuchagua kocha mpya. Hawakungoja hata nirudi!

Hapo ndipo machozi yakanitoka. Cherehani zote zikanyamaza.

"Mdogo wangu, achana nao," dada akasema. "Kaa hapa tufanye biashara. Hizi jezi tutauza Mwanza, kina Eliakimu kwetu hawaishi."

Nikacheka huku nalia. Halafu nikafuta machozi.

"Hapana, dada. Kitambaa kimeshakatwa. Nisaidie kufunga mabegi."

Ijumaa asubuhi nilitua Marekani, nikaenda na mabegi yangu moja kwa moja kwenye uwanja wa chuo. Vijana walikuwa wameshaanza mazoezi ya Agosti. Nikamwaga jezi kwenye nyasi, nikaanza kuwaomba radhi. Nikawaeleza kila kitu, na faksi nikawasomea.

Nahodha wangu, Thomas, jitu la kilo mia na ishirini, akaokota jezi moja akaivaa. Mwingine akavaa. Wakavaa wote.

Kisha wakaanza kutembea kuelekea jengo la utawala. Mimi nikawafuata nyuma, hakuna aliyeniita.

Kamati ilikuwa imekaa. Mkuu wa chuo akatoka kibarazani, amekunja uso.

"Rudini mazoezini. Kocha mtaletewa leo leo."

"Kocha tunaye," Thomas akasema.

"Nani?"

Wakageuka wote kwa pamoja, wakampa mgongo.

Migongo arobaini na sita. Jina moja.

Mkuu akarudi ndani, akafunga mlango, na kocha mpya hakuletwa siku ile wala nyingine.

Jezi zile hatukuwahi kuzichezea, maana waamuzi hawakubali timu nzima kuvaa namba saba. Tulivaa zile kuukuu zenye viraka, tukashinda mechi nne. Timu ile niliifundisha miaka kumi na tatu, mpaka nilipoondoka kwa miguu yangu mwenyewe.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, uliyeambiwa ofisini kwamba hufai: waache wakae vikao vyao. Nenda kawaulize uliowafundisha.