Nepi za Bethlehemu

Sisi tuliolelewa kwenye nyumba za walimu kule Habaswein, kaskazini mwa Kenya, hatukuwa na runinga wala bembea. Tulikuwa na vumbi, na tulilitumia vizuri. Tulicheza kati, mchezo wa kukwepa mpira, kwa mpira wa soksi kuukuu mpaka kope zikawa nyekundu, halafu tukaingia kwa kina Halima kunywa chai ya maziwa ya ngamia, yenye harufu ya moshi. Vijana wa leo wangeipiga picha kwanza, halafu waiache ipoe.

Halima alikuwa binti wa mfugaji, rika langu, na rafiki yangu mkubwa. Baba yangu alikuwa mwalimu kutoka bara, na Jumapili ndiye aliyeongoza ibada ya Wakristo wachache wa pale, darasani, mbele ya ubao wenye hesabu za Ijumaa.

Siku moja, Krismasi ikikaribia, nilimweleza Halima kwamba Mungu alizaliwa mtoto. Akaacha kuruka kamba.

"Walaal, nabii Isa mimi najua," akasema, akiniita ndugu kwa Kisomali kama kawaida yake. "Lakini nyinyi munasema ni Mungu. Sasa Mungu inaenda choo?"

Jumapili, Baba alipouliza kama kuna mwenye swali, nikasimama na kuuliza vilevile, kwa sauti. Askari mmoja akakohoa. Mke wa daktari akaficha uso kwa leso. Baba alifunga ibada mapema, na tulipofika nyumbani akanitaka niseme swali lilitoka kwa nani, kisha akatoa hukumu: nisionekane tena na Halima, maana ananifundisha kukufuru.

Siku zile sikula vizuri. Nilimsikia Halima akipiga mluzi nyuma ya ua wa miba, nikaziba masikio. Niseme ukweli: nilimchukia Baba, na Mungu wake pia kidogo.

Siku ya tano Mama alikuwa akifua nepi za mdogo wangu kwenye beseni, Baba akisahihisha madaftari kando yake.

"Baba Rehema, mtoto aliuliza kitu cha kweli," Mama akasema, akimwita kwa jina langu, bila kuinua kichwa. "Yesu alinyea nepi kama huyu wetu, na Mariamu akafua. Kama hakunyea, basi hakuwa mtoto, alikuwa anaigiza tu. Mimi sina haja na Mungu wa kuigiza."

Baba aliweka chini kalamu yake nyekundu. Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Nenda umpelekee rafiki yako jibu."

Nilikimbia bila viatu. Halima alinisikiliza mpaka mwisho na hakucheka. Yeye ndiye aliyeswaga punda kwenda kisimani kila asubuhi, kwa hiyo alikuwa na neno.

"Na maji ya kufua hiyo nebi, mamake alitoa wabi?" akauliza, p ikigeuka b kwa lafudhi yake ya Kisomali.

Nikamwambia sijui, pengine alipanga foleni.

"Basi huyo mama alichoka sana," akasema. "Lakini Mungu kuwa mtoto, hiyo mimi siwezi amini, wallahi."

Tukarudi kuruka kamba. Hatukukubaliana siku hiyo wala siku nyingine yoyote, mpaka Baba alipohamishwa.

Nimesikia mahubiri mengi tangu wakati ule, mengine yana skrini kubwa na vinanda. Hakuna yaliyomleta Mungu karibu nami kama maneno ya Mama.

Siku hizi naishi Nairobi, kwenye fleti. Mlango unaotazamana na wangu ni wa familia ya Kiislamu. Watoto wetu hupishana ngazini, kila mmoja ameinamia simu yake. Sisi wazazi husalimiana vizuri sana, na Idi na Krismasi tunapelekeana pilau. Miaka yote hiyo, hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake anaamini nini. Tunaiita heshima. Mimi nafikiri tunaogopana.