Fyuzi Nyuma ya Tundu la Kibodi

Fundi wa kompyuta alikuwa mtu wa maneno machache, na kabla ya kugusa mashine yoyote alipangusa viganja kwenye suruali kama anayekwenda kumsalimia mkwe. Siku kibodi ya karani ilipokufa, bosi alikuwa ameshatoa hukumu: "Mama huyu anachomoachomoa nyaya. Barua ya onyo iko tayari." Karani alisimama kando, machozi yakimlengalenga. Fundi alijaribu kibodi nyingine, nayo ikagoma. Akafungua kasha la kompyuta, akapuliza vumbi, akamulika tundu la kibodi na plagi yake. Pini zote za plagi zilikuwa zimenyooka. Kisha akapima fyuzi iliyo nyuma ya tundu, ndogo kama punje ya mchele, akakuta imeungua.

"Hii huungua mtu akichomoa kibodi mashine ikiwa inawaka," alisema fundi kwa sauti ya chini. "Jana jioni nilipokuja kusafisha, nilifanya hivyo kwa haraka zangu. Mama hana kosa, bosi. Barua hiyo niandikie mimi."

Bosi akakohoa, akatoka. Fundi akapangusa tena viganja, akauinamia ubao wa saketi ndani ya kasha kuibandua fyuzi, na karani akamvutia kiti chake mwenyewe.