Siku Presha Aliponyamaza

Dada yangu mtaa mzima unamwita Presha, na jina limemkaa kama gauni alilojishonea mwenyewe. Tunashona chumba kimoja, cherehani zimetazamana, kwa hiyo wasiwasi wake wote unaishia masikioni mwangu. Kichwa kikimgonga, ni uvimbe wa ubongo. Nikipiga chafya, keshanizika. Na tangu mama atutoke kwa saratani ya titi, ndiyo kabisa: kila mara yuko kliniki, na kila mara anataka kunikokota.

"Mdogo wangu, twende tu wakupime."

"Nenda wewe, wasalimie."

Nimechoka, jamani. Tulizaliwa tumbo moja, tukamuuguza mama mmoja, tukambadilishia shuka zilezile. Yeye akatoka pale akiogopa kila kitu. Mimi nikatoka nikisema siku ya kufa nyani miti yote huteleza, sasa ya nini kuhangaika? Yeye hukesha akijipapasa shingo, mimi hulala fofofo. Humwambia hofu itamuua kabla ugonjwa haujamfikia.

Juzi alikuwa ananijaribisha gauni la harusi ya binamu yetu. Pini kazibana midomoni, anabana mshono huku, anabana kule. Upande wa kulia ukakaa vizuri. Wa kushoto ukagoma. Akaufumua, akaubana upya, ukagoma tena.

"Umeanza kukosea kukata," nikamtania. "Uzee huo!"

Akapitisha kiganja kifuani pangu juu ya kitambaa, taratibu, kikasimama palepale. Nikasubiri yowe, na jibu la kumcheka nilishaliandaa. Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake, akafunika cherehani.

"Vaa viatu," akasema. Basi.

Njiani hakufungua mdomo. Kwenye benchi la kliniki hakutaja ugonjwa hata mmoja, yeye anayeyajua magonjwa yote. Alikuwa ameupakata mkoba wangu kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akiupakata wa mama. Hapo nikamsogelea. Makelele yake nilikuwa nimeyazoea. Ule ukimya niliuogopa kwelikweli.

"Dada," nikamwambia, "hebu niambie nitakufa. Sema kama siku zote, nikucheke."

Akanivuta kichwa begani kwake.

"Leo sisemi," akasema.