S iko wapi?

Redio ya papa, baba yetu, ilisema vijana wa inchi nyingine wanatembea barabarani wakidai haki za watoto. Sisi wa sekondari, hapa Kalemie, tukasema: miguu hata sisi tuko nayo. Tukamuomba direktere, mukubwa wa shule ya primeri na ya sekondari, ruhusa ya kutembea kutoka gare ya treni mpaka bandarini na ujumbe mumoja tu: watoto wasipigwe fimbo masomoni.

Akakubali haraka, tena kwa kucheka. Hapo njo ningepaswa kuogopa.

Matembezi yetu akayageuza animasio, yaani nyimbo na michezo ya sifa, ya kumupokea mugeni mukubwa wa kutoka Kinshasa. Fimbo ikafutwa kwenye ujumbe wetu, ikabaki mukononi mwake. Watoto wa primeri akawapanga juani, kila mumoja na kipande cha kartoni ya sabuni chenye herufi kubwa: D, R, O, I, T, S. Yaani haki, kwa Kifaransa. Lakini sisi neno hilo tunalijua bila S. Direktere analipiga kelele kila asubuhi kwenye mustari: "Droit!" Maana yake simama wima, mikono chini, funga kinywa.

S alipewa mudogo wangu wa kike. Alikuwa ametoka tu kitandani na malaria. Asubuhi yote ikapita, mugeni hakuna. Midomo yake ikakauka kama samaki ndagala wa kuanikwa.

"Sitwayen Direktere, huyu mutoto ni mugonjwa. Akae kidogo," nikamuomba. Sitwayen, yaani mwananchi, njo heshima aliyotaka.

"Akikaa ataharibu neno."

"Basi anywe hata maji."

"Mugeni anafika! Droit!"

Mudogo wangu akaanguka. Direktere akakimbia, akainama, nikafikiri kumbe naye ni muntu. Akaokota kartoni. Akaipanguza vumbi. Kartoni!

Nikamunyang'anya. Nikamubeba mudogo wangu mugongoni, S kwapani, tukaelekea dispanseri. Honi za magari ya mugeni zikasikika, na watoto watano wakanyoosha vizuri kabisa: DROIT.

"Wewe, kichwa kibovu! S iko wapi?"

"Inaenda dispanseri, Sitwayen! Iko na homa!"

Hata polisi aliyelinda njia alicheka. Mimi sikucheka, mugongo wangu ulikuwa unaungua kwa joto la yule mutoto.

Kesho yake nilikula fimbo mbele ya wanafunzi wa masomo yote. "Rudisha S!" Siirudishi. Homa haijashuka, na mama anamupepea mudogo wangu na kartoni ile.