Siku Nilipogandia Ngazini Mbele ya Baba Mkubwa

Kisa hiki nimekisikia kikisimuliwa na watu wengine mara nyingi, kwenye harusi, kwenye misiba, safari moja hata kwenye foleni ya kahawa na mtu ambaye hakujua kwamba mhusika mwenyewe amesimama nyuma yake, na kila msimulizi anaongeza chumvi yake (kuna anayesema nililia, kuna anayesema waliitwa zimamoto), kwa hiyo nimeona bora nikisimulie mwenyewe kama kilivyokuwa. Aibu ni yangu, acha niigawe mwenyewe. Zimamoto hawakuitwa. Kuhusu kulia, tutafika.

Wakati huo nilikuwa naishi huku ughaibuni kwenye baridi, mtaa wa Lawrence Heights, na rafiki yangu mmoja Mkenya anaitwa Kamau, nafanya kazi kwenye karakana ya kukata vioo vya miwani, na nampenda Nuru. Nuru ni Mtanzania mwenzangu, tulikutana kanisani kwenye ibada ya Kiswahili, na amelelewa mji wa jirani, Mississauga, na kaka mkubwa wa marehemu baba yake, Mzee Kileo, ambaye yeye anamwita Baba Mkubwa na ambaye kwa mambo yote ya posa ndiye mwenye neno la mwisho. Mimi na huyo Mzee tulikuwa hatujawahi kuonana ana kwa ana, maana yeye husali ibada ya asubuhi ya Kiingereza na mimi ya mchana, na kwa kawaida yetu mtu hajipeleki tu nyumbani kwa watu kuulizia binti yao, unatuma mshenga. Mshenga nilikuwa nimeshampata. Ila Mzee alimwambia Nuru kwamba kabla ya kumpokea mshenga wa mtu yeyote anataka kwanza amwone mtu mwenyewe. “Mtu humjui mpaka utembee naye,” alisema, na alimaanisha kutembea kwa miguu, kwa sababu kila Februari kanisa lilikuwa linaandaa matembezi ya pamoja kwenye ule ukingo mrefu wa mawe ulioko magharibi mwa jiji, na Mzee alikuwa hakosi.

Nyumbani kwetu ukingo ule tusingeuita mlima (tungeuita kilima, na hapo tumeuheshimu), lakini ukishajaa theluji, na njia yenyewe ni nyembamba inayopita juu kabisa, kushoto miti, kulia hakuna kitu, unausalimia kwa cheo chochote unachotaka. Nuru alinipigia simu asubuhi. “Vaa nguo za kutosha,” akasema, “na usijifanye. Baba Mkubwa hapendi watu wa kujifanya.” Nikamwambia sijawahi kujifanya hata siku moja, ambalo ndilo jibu la mtu anayejifanya.

Gari la Kamau kwanza lilikataa kuwaka kwa sababu ya baridi, kwa hiyo tulifika wenzetu wameshaondoka. Ikabidi tukimbize nyayo zao kwenye theluji, tunapanda huku tunahema, mpaka tukawakuta juu wamesimama mahali penye ukuta mfupi wa mawe ambapo watu hutazama mashamba ya chini na kupiga picha. Nuru akanionyesha kwa macho. Mzee alikuwa mrefu kuliko nilivyomfikiria, amejifunga skafu mpaka puani, kashika themosi kubwa ya chuma kama mtu aliyeshika funguo za nyumba.

Basi hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Nilivua glovu. Nisikilizeni kabla hamjacheka, mimi nimelelewa na bibi ambaye ukimsalimia umevaa hata kofia anakutuma nje ukaingie upya, na kumpa mkono mzee ambaye unataka kumposa binti yake, mkono wenyewe umeufunika kama unaogopa kuchafuka, kwangu lilikuwa jambo lisilowezekana. Nikaivuta glovu ya kulia kwa meno, nikaibana kwapani, nikainama, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, nikasema, “Shikamoo, Baba.”

“Marahaba,” akasema, na akanipa mkono wake ukiwa ndani ya glovu nene ya ngozi. Mzee ameishi nchi hii miaka mingi na hajavua glovu nje mwezi wa pili kwa ajili ya mtu yeyote.

Glovu yangu nilikuwa nimeibana kwenye kwapa la mkono ule ule niliotakiwa kuunyoosha (haya mambo huyafikirii mapema), kwa hiyo niliponyoosha ikadondoka juu ya ukuta, upepo ukaisogeza kidogo, ukaisogeza tena, ikaenda. Nilichungulia. Ilikuwa imetua kwenye kichaka kilichoota ubavuni mwa jabali, mahali ambapo mtu hawezi kufika bila kamba, kidole gumba kimeelekea juu kana kwamba kila kitu kinakwenda vizuri. Hakuna aliyeiona ila mimi.

Ningeweza kusema, “Jamani, glovu yangu imeanguka.” Watu walikuwa zaidi ya ishirini pale, akina mama wa kwaya peke yao walikuwa na glovu za akiba za kutosha kuvisha shule. Lakini nilijiona nikisema hivyo, dakika ya kwanza ya kukutana na Mzee, nimechelewa, na sasa nimepoteza na nguo, nikaona hapana. Nikatia mkono mfukoni. Kamau akanitazama. “Buda, glovu yako ingine iko wapi?” akaninong’oneza. Nikamwambia sisikii baridi sana. Akasema, “Haya bana, wewe ndiye unajua,” na akaendelea kutembea, maana Kamau ni mtu ambaye hakulazimishi kuokoka.

Tukaendelea juu ya ukingo, Mzee ameniita nitembee karibu yake. Aliniuliza kwetu wapi, ninafanya kazi gani, nimekuja mwaka gani, na mimi nikajibu vizuri tu huku mkono wa kulia ukianza kuondoka mwilini kidogo kidogo. Mfuko wa jaketi langu ulikuwa wa mapambo tu, unaingiza vidole bila kuvitia joto. Kila mara akiniuliza, “Husikii baridi?” namwambia, “Hapana, Baba, niko salama kabisa.” Aliuliza mara nyingi. Sasa najua kwa nini, lakini wakati ule nilidhani ni maongezi.

Tulipofika kwenye miti akasimama, akafungua themosi, akanimiminia chai ya tangawizi kwenye kile kifuniko chake, akaninyooshea. Mkono wangu wa kulia ulikuwa mfukoni, umekauka kama muhogo wa juani. Nikapokea kwa kushoto.

Nilimwona Nuru akifumba macho. Mtoto wa miaka mitatu wa kwetu anajua kwamba kitu cha mkubwa hakipokelewi kwa kushoto, na mimi, mposaji, nimepokea kwa kushoto mbele ya mwenye binti na kanisa zima. Ili kusahihisha kosa nikautoa haraka ule wa kulia, nikashika kikombe kwa mikono yote miwili kwa adabu ya kupitiliza, ila vidole vilikuwa havinitii, kikombe kikatikisika, chai ikanimwagikia mkononi. Mzee akautazama mkono mtupu, kisha akanitazama usoni. Nikanywa ile iliyobaki, nikasema, “Ahsante, Baba, tamu sana,” nikaurudisha mkono mfukoni ukiwa umelowa.

Mbele kidogo njia inaacha ukingo na kuteremka katikati ya majabali mawili kwa ngazi za chuma, nyembamba, anapita mtu mmoja mmoja, na siku hiyo zilikuwa na barafu. Mzee akatangulia. Mimi nikafuata, nyuma yangu Nuru, nyuma yake Kamau, kisha kwaya. Ngazi ya nne au ya tano mguu ukateleza, na mkono unaookoa maisha ya mtu hauombi ruhusa, ule wa kulia ukatoka mfukoni wenyewe na kukamata chuma cha kando, na ukabaki hapo.

Wenyeji wa nchi hii wanafundishwa utotoni kwamba kitu chenye maji hakigusi chuma kwenye baridi ile, kinagandia. Mimi nilifundishwa kutopokea kwa kushoto. Nikavuta kidogo, kama mtu anayekagua ubora wa ngazi. Ngozi ikavutika, chuma hakikuachia. Nikavuta tena na maumivu yakapanda mpaka begani, nikaacha.

“Vipi, kijana?” Mzee akauliza kutoka chini.

“Salama, Baba. Naangalia mandhari.”

Mandhari yenyewe ilikuwa ukuta wa jiwe, umbali wa pua yangu.

Juu foleni ikaanza kurefuka. Kamau akasema, “Maze, songa basi, watu wanaganda huku.” Mama mmoja wa kwaya, kuona watu wamesimama, akaanzisha pambio ili wapate joto, wakapokea kwa sauti nne na makofi, na mimi nikiwa nimeshikilia chuma katikati ya pambio kama niliyeguswa na Roho. Chini akatokea mwanamke wa Kizungu na mbwa wake wanataka kupanda, akasubiri kwa ustaarabu, akasubiri zaidi, kisha akaniuliza kama niko sawa. Nikamjibu “I’m fine, thank you”, kwa sauti ile ile tuliyofundishwa shule ya msingi. Mbwa peke yake ndiye aliyeonekana kutoniamini.

Nuru ndiye aliyeteremka ngazi moja akachungulia begani kwangu.

“Glovu yako iko wapi?”

“Ipo.”

“Ipo wapi?”

Nikaelekeza kwa kidevu, kule nyuma ilikoangukia. Nilisikia anavyopumua, ni pumzi ya mtu anayechagua kati ya mambo mawili ya kusema. Halafu akaita kwa sauti ambayo kwaya yote iliisikia na pambio likakatika, “Baba Mkubwa, kagandia kwenye chuma.”

Mzee akapanda. Hakuharakisha, hakucheka, hakuuliza. Akafungua themosi, akaonja kwanza chai kwa ulimi kuona isiwe ya kuunguza, akaanza kuimimina juu ya vidole vyangu kidogo kidogo, mkono wake mwingine umeshika kifundo cha mkono wangu nisivute, mpaka kidole kimoja kikaachia, na kingine, na mwisho kiganja, ukiacha pale kipande kidogo cha ngozi ambacho sikukiangalia. Mtu mmoja akapiga makofi. Mzee akavua skafu yake, akaufunga mkono, akasema, “Twende garini,” na matembezi yangu yakaishia hapo.

Katika gari lake, mimi mbele, Nuru nyuma, tukaingia barabara kubwa. Mkono ulikuwa unapata joto, na waliowahi kupatwa wanajua kwamba kuganda si kitu, kazi ni kuyeyuka.

“Mkono unauma?” Mzee akauliza.

“Hapana, Baba. Salama tu.”

Akawasha taa za hatari, akaegesha pembeni ya barabara. Malori yakawa yanatupita. Alikaa akiangalia mbele.

“Baba yake huyu,” akasema, “alikuwa mdogo wangu wa mwisho. Nikimpigia simu namuuliza, tumbo vipi? Ananiambia salama, kaka. Wiki nyingine, salama. Kwa adabu, ili asinisumbue mimi niliye mbali. Nilimwamini, mpaka siku nilipopigiwa na mtu mwingine.” Akanigeukia. “Mimi sina shida na kazi yako wala ukoo wako. Wala sina neno na mkono wa kushoto. Lakini binti huyu hataingia tena kwenye nyumba ya salama. Sasa nakuuliza upya, fikiri kwanza. Mkono unauma?”

Niliangalia kwenye kioo. Nuru alikuwa ameinamisha kichwa. Alikuwa hajawahi kunisimulia hilo, na nilielewa kwamba jibu langu halikuwa tena la Mzee.

“Unauma,” nikasema. “Unauma sana, Baba. Vidole viwili sivisikii. Na nina njaa, tangu asubuhi sijala kwa sababu ya woga. Na nilikuogopa wewe.” Na hapo, kwa wale wanaouliza, ndipo nilipolia, si sana, lakini kwa sauti, mtu mzima ndani ya gari la watu, na sikuweza kujifuta vizuri kwa sababu mkono wa kufutia ulikuwa umefungwa skafu ya mkwe.

Mzee akangoja nimalize. Kisha akazima taa za hatari, akarudi barabarani. “Tunapitia hospitali kwanza,” akasema, “halafu tunakula. Na huyo mshenga wako mwambie aje.”

Vidole vilipona, kimoja kimebaki kizito kidogo kila baridi ikianza. Na niliapa siku ile ile, pale kwenye viti vya kungojea daktari, kwamba mtu akiniuliza habari nitampa habari. Kazini wakiniuliza kwa Kiingereza naendeleaje, ninawaambia kwamba mgongo unauma na usiku sikulala, na wengi siku hizi wananipungia mkono kwa mbali. Kanisani nako wameniona mtu wa ajabu, mimi peke yangu ndiye ninayejibu “si nzuri sana” watu wakiwa wamesimama mlangoni na theluji inaingia. Nuru bado ananiuliza habari kila jioni nikirudi nyumbani kwetu, na akishauliza anavuta kiti anakaa.